Bei ya Umeme Huifuata Mita

Leo tunazungumza juu ya umeme wa nyumbani: tunaulipiaje, ule ujumbe unaoingia kwenye simu baada ya kununua unasema nini, na kwa nini elfu kumi ya jirani yako inaweza kumletea uniti nyingi kuliko elfu kumi yako.

Naanza na swali. Mara ya mwisho uliponunua umeme, ulipata uniti ngapi? Sikuulizi ulilipa shilingi ngapi, hilo unalikumbuka. Nakuuliza uniti. Wengi wetu hatujui. Tunazinakili zile tarakimu 20, tunazibonyeza kwenye mita, mita ikikubali tunashusha pumzi, tunaufuta ujumbe. Naomba kuanzia leo usiufute. Mengi nitakayosema jioni hii yamo ndani ya ujumbe ule.

Tukumbushane kidogo. LUKU ni Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Waliokuwa watu wazima kabla ya miaka ya 1990 wanaikumbuka ankara: msoma mita anapita, karatasi inakuja, nawe unadaiwa umeme uliokwisha kutumika. LUKU imetuondolea ankara ya mwisho wa mwezi, na wengi tumeipenda kwa sababu hiyo. Lakini ankara ilikuwa na faida moja. Ilikuja mara moja kwa mwezi, ikakuonyesha jumla yote mahali pamoja. Sasa tunanunua wa elfu mbili leo, wa elfu tano keshokutwa, wa elfu moja usiku wa Jumamosi giza likiwa limeshaingia chumbani. Mwezi unakwisha, na hakuna anayejua nyumba imekula uniti ngapi. Nawe usipojua umekula uniti ngapi kwa mwezi, huwezi kujua kama bei unayotozwa ndiyo inayokustahili.

Uniti yenyewe ni nini? Ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Pasi nyingi ziko karibu na hapo. Balbu ya kizamani ya wati 100 huimaliza uniti moja kwa saa 10. Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyo hiyo. Na ile hita ya bafuni inayochemsha maji papo kwa papo, ikiwa ya wati 5,000, inaimaliza kwa dakika 12. Angalia kibandiko nyuma ya kila kifaa chako, wati zimeandikwa.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa naomba utulivu wako, maana ndicho kiini cha mazungumzo ya leo.

Kwa sisi wa Tanzania Bara, TANESCO, shirika letu la umeme, haiuzi umeme kwa bei moja kwa watu wote wa majumbani. Bei hupangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na agizo la Aprili 2016 liliweka makundi. Mawili yanatuhusu. La kwanza linaitwa D1. Hili ni la mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Huyu anauziwa uniti kwa shilingi 100. La pili ni T1, la matumizi ya kawaida: nyumba zinazovuka kiwango hicho, maduka, saluni na mashine ndogo. Huyu uniti yake ni shilingi 292.

Juu ya bei hizo kuna asilimia 22: Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, wakala wa nishati vijijini, yaani REA, asilimia 3, na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mtu wa D1 uniti moja inamfikia kwa shilingi 122. Mtu wa T1 inamfikia kwa shilingi 356 na senti kidogo. Narudia, kwa anayetafuta kalamu: 122 kwa mmoja, 356 kwa mwingine. Umeme ni ule ule na nguzo ni ile ile, lakini bei ya huyu ni karibu mara tatu ya bei ya yule.

Ukitaka kujua uko kundi gani, huhitaji kumuuliza mtu. Nunua wa elfu moja, uhesabu. Ukipata uniti 8 na ushei, uko D1. Ukipata 2 na ushei, uko T1. Ukipata pungufu ya hapo, kuna kitu kingine kimekatwa, na tutakifikia.

Nia ya kundi la D1 ni njema, na naiunga mkono kwa moyo wote. Mwenye kipato kidogo apate taa, redio, feni na kuchaji simu bila kuumia. Hakuna Mtanzania atakayepinga hilo. Lakini hebu tuangalie nani hasa anaufaidi unafuu huu.

Chukua nyumba ya vyumba sita pale Manzese, au Buguruni, au Mbagala. Unaijua nyumba hiyo. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bafu na choo cha pamoja. Kila chumba kina familia yake. Mita ni moja, ipo ukutani kule mbele. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25 kwa mwezi: taa, televisheni, feni, simu. Ni matumizi ya mtu mdogo kabisa. Lakini mara sita ni uniti 150. Mita inaona 150, haioni familia sita. Nyumba inawekwa T1, na kila chumba kinalipa karibu shilingi 8,900 kwa zile uniti zake 25.

Sasa chukua mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kujitegemea, ana mita yake, ana friji, ana televisheni, anatumia uniti 70 kwa mwezi. Yuko D1. Analipa shilingi 8,540.

Umesikia hesabu hiyo? Familia ya chumba kimoja inalipa zaidi kwa uniti 25 kuliko mwenye nyumba nzima anavyolipa kwa uniti 70. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyevunja sheria. Ni kwamba bei ya umeme huifuata mita, haimfuati mtu. Unafuu ulitungwa kwa ajili ya mnyonge, ukafungwa kwenye mita, na wanyonge wengi wa mijini hawana mita. Wanachangia ya nyumba nzima.

Hili linaniuma, msikilizaji, na nalisema wazi. Tumezoea kugombana sisi kwa sisi. Mama wa chumba cha tatu ananyooshewa kidole kwa sababu ya friji ya barafu. Kijana wa chumba cha nyuma anakatazwa kupiga pasi. Mwenye jagi la umeme analificha chini ya kitanda. Kila chumba kinatoa elfu tano, anayelala mapema anaona ameonewa, anayesafiri wiki mbili anagoma kuchangia, na umeme ukiisha saa tatu usiku watu wanakaa gizani wakitegeana. Ugomvi wote huo ni juu ya kugawana mzigo ambao pengine usingekuwepo kama kila familia ingehesabiwa kivyake.

Je, kila chumba kiombe mita yake? Inawezekana. TANESCO hufunga mita zaidi ya moja kwenye jengo moja, mradi nyaya zimetenganishwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa NIKONEKT hata kwa simu. Lakini tuseme ukweli juu ya gharama. Tangu Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Katika mfano wetu, mpangaji akiwa na mita yake ataokoa kama shilingi 5,800 kwa mwezi. Itamchukua zaidi ya miaka minne kurudisha fedha hiyo, na mpangaji gani ana hakika ya kukaa chumba kimoja miaka minne? Hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Mwenye nyumba anaweza, kwa sababu nyumba ni yake na mita itabaki pale pale. Na nyumba yenye mita kwa kila chumba hupata wapangaji upesi, hilo kila dalali atakwambia. Kwa hiyo kaeni kikao. Wapo wanaokubaliana mwenye nyumba aingize mita, na kodi ya chumba ipande kidogo kwa muda uliowekwa. Andikeni makubaliano hayo.

Wengine wamefunga mita ndogo kwa kila chumba, ile inayonunuliwa dukani kwa fundi. Mita ndogo inasaidia kutenda haki: kila mtu anaonekana ametumia ngapi. Ugomvi wa friji unakwisha siku hiyo hiyo. Ila usichanganye. Mita ndogo haibadilishi bei hata kidogo, kwa sababu TANESCO inaitambua mita yake tu. Na hapa nitamke neno moja kwa wenye nyumba wanaowauzia wapangaji uniti kwa bei ya kujipangia. Uniti ya T1 inakufikia kwa shilingi 356. Ukimuuzia mpangaji kwa 500, umemlipisha kodi ya chumba mara ya pili bila kumwambia. Mpangaji, una haki ya kuomba kuuona ujumbe wa manunuzi. Omba kwa heshima, lakini omba.

Tugeukie ujumbe wenyewe. Tuseme umenunua wa elfu kumi na uko T1. Ungetegemea uniti 28. Ukaletewa 23 na nukta kadhaa. Zimekwenda wapi? Mara nyingi jibu ni kodi ya jengo. Kuanzia Agosti 2021 kodi hii inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kwa ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kama mwezi uliopita hukununua, inakatwa ya miezi miwili kwa pamoja. Ndiyo maana anayerudi kutoka safari ndefu anashtuka.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayepanga. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Inapita mkononi mwako kwa sababu wewe ndiye unayenunua umeme, lakini deni si lako. Mwaka mzima ni shilingi 18,000. Tunza zile meseji, zijumlishe, na siku ya kulipa kodi ya chumba mwonyeshe mwenye nyumba, azipunguze. Narudia: tunza meseji, jumlisha, onyesha. Wenye nyumba waungwana wanalijua hili na wanalikubali bila maneno. Na nyumba ikiwa na mita mbili au tatu, kodi ni ya jengo, haipaswi kukatwa kwenye kila mita. Ikitokea hivyo, mwenye nyumba aende TANESCO au mamlaka ya mapato, TRA, na stakabadhi zake.

Kuna jambo la wenzetu wa D1 ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Ukomo wa uniti 75 unahesabiwa kwa unazonunua ndani ya mwezi. Ukizivuka, kila uniti inayozidi inauzwa kwa 350 kabla ya makato, yaani 427 ikikufikia. Hiyo ni ghali kuliko hata ya T1. Kwa hiyo mtu wa D1 asilimbikize umeme. Umepata fedha, unataka kununua wa miezi mitatu ili upumue? Usifanye hivyo. Nunua wa mwezi huu, subiri mwezi ujao. Na ukiendelea kuvuka, utahamishiwa T1. Kinyume chake pia kipo: uko T1, watoto wamekwenda bweni, matumizi yameshuka chini ya 75 miezi kadhaa mfululizo. Nenda na namba yako ya mita kwenye ofisi ya TANESCO iliyo karibu, omba warudi kwenye kumbukumbu zako wakurejeshe D1. TANESCO haitakuja yenyewe kukubishia hodi.

Msikilizaji mmoja anaweza kuuliza: lile zoezi la mwaka 2024, tulipoingiza tarakimu za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, lilibadilisha kundi langu? Hapana. Lile lilikuwa la kurekebisha namna mita inavyozitambua tarakimu za manunuzi, na nchi nyingine zenye mita za aina hii zilifanya hivyo. Halikugusa bei.

Kabla hujanung'unika kwamba mita inakimbia, fanya jaribio dogo. Zima kila kitu, chomoa kila plagi, kisha kaitazame mita. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachopepesa umeme unapotumika. Kikiendelea kupepesa na nyumba imezimwa yote, kuna umeme unavuja kwenye nyaya, au kuna mtu amejiunganisha. Mwite fundi mwenye leseni, usimwite kishoka.

Je, tunaweza kumchagua mwuzaji mwingine? Kuna nchi, kama Uingereza, ambako mwenye nyumba analinganisha kampuni na kuhama. Kwetu Bara mwuzaji wa majumbani ni TANESCO, Zanzibar ni ZECO, ambayo nayo hununua umeme kutoka Bara kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Yapo maeneo machache yenye gridi ndogo za watu binafsi, kama Mwenga kule Mufindi. Nje ya hapo, chaguo la kweli ulilonalo ni sola kwa taa na simu, na kundi la bei unalotozwa. Ndiyo maana nimeling'ang'ania kundi jioni nzima.

Nimalizie na jiko, maana hapa kuna jambo linalohitaji kusemwa kwa sauti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme ni zuri kwelikweli. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, kwa sababu sufuria likishapata presha jiko linajizima lenyewe na joto linabaki ndani. Mama wa D1 akipika maharage hivyo, analipa chini ya shilingi 122, na mkaa wa shilingi 122 hauchemshi hata chai. Lakini akipika kila siku, asubuhi, mchana na jioni, anaweza kuvuka uniti 75. Akiendelea kuvuka anahamishiwa T1, na sasa hata taa yake ya chumbani imepanda bei karibu mara tatu. Tunamwambia aache mkaa, kisha tunamwadhibu kwa kuuacha.

Jirani zetu wa Uganda wamelitazama hili. Tangu mwaka 2022, mteja wa nyumbani akifika uniti ya 81, bei inashuka mpaka uniti ya 150, makusudi apikie. Kwetu, Bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Sisemi umeme ugawiwe bure, nyaya na transfoma zina gharama. Nasema uniti 75 zilipangwa kabla serikali haijamwomba mwananchi apikie umeme, na zinastahili kupangwa upya. Na nyumba yenye familia sita ihesabiwe kuwa na familia sita. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anazijua kaya zote, kwa nini orodha yake isitumike? Na ada ya mita ya mjini, kwa nini mwenye nyumba asiilipe kidogo kidogo kupitia LUKU, kama tunavyolipa kodi ya jengo?

Maswali haya yana mahali pake pa kuulizwa. EWURA haibadilishi bei bila kuitisha taftishi, mkutano wa hadhara ambapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuzungumza, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lenye kazi ya kutusemea. Kwenye mikutano ile wenye viwanda huja na wanasheria na hesabu zilizochapwa. Wapangaji wa vyumba huwaoni. Tangazo la taftishi likitoka, nenda. Beba meseji zako za mwaka mmoja, simama, useme: nyumba yetu ina mita moja, kaya sita, na kila kaya inatumia uniti 25.

Jumatano ijayo saa kama hii tutazungumza juu ya maji, na nitaomba uwe na ankara yako mkononi.